"Masomo vipi?" "Poa tu!" Halafu?

 

Mwezi huu nina neno na nyie mlioko kwenye ndoa, au mnaoelekea huko, halafu mna mdogo mtu chuoni. Awe mdogo wako wa damu, shemeji au wifi, ni yuleyule tu: denti mmoja anayewategemea, mwenye namba ya simu mnayoipiga mara moja kwa mwezi. Na maongezi yenu, bila shaka, yanakwenda hivi:

"Masomo vipi?"
"Poa."
"Umekula?"
"Nimekula."
"Haya, komaa na kitabu. Nitakurushia kitu kidogo."

Dakika moja haijaisha, simu imekatwa, roho yako imetulia. Umetimiza wajibu! Lakini hebu jiulize, umejua nini kuhusu semesta ya huyo mtoto? Anaishi na nani? Anakula saa ngapi? Analala akiwaza nini? Hujui. Na yeye hawezi kukwambia, kwa sababu hujamuuliza kitu kinachojibika zaidi ya "poa".

Nayasema haya nikiwa na ushahidi mkononi. Wifi yangu yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja Dodoma. Nitakayoyaeleza hapa nayaandika kwa ruhusa yake, na sharti alilonipa ni moja tu, nisitaje jina. Poa, wifi. Jina sitaji.

Safari ya ukweni

Kwa mume wangu ni Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Kama hujafika, Kintinku iko kati ya Bahi na Manyoni, chini kabisa bondeni, kabla barabara haijaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Reli ya kati inapita hapo, ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Wenyeji wengi ni Wagogo, kwa hiyo ukifika usishangae kupokewa kwa "Mbukwenyi!" kabla hata hujashusha begi.

Mwezi Machi tulichukua likizo fupi. Siku hizi safari imekuwa mteremko. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mtu unatoka Dar asubuhi, unasinzia kidogo, unashtuka uko makao makuu ya nchi. Kutoka hapo unapanda basi la kuelekea Singida na haichukui muda. Kintinku haifiki hata kilomita mia kutoka Dodoma mjini.

Wifi naye alikuwa nyumbani, mapumziko ya kati ya semesta ya kwanza na ya pili. Nikasema hapa ndipo penyewe, leo tunapiga stori mpaka basi.

Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu ile mbaya. Akanipa maisha ya chuo yote. Jinsi wanavyogombania vimbweta nyakati za UE. Jinsi diskasheni ya watu kumi inavyofanywa na wawili, wengine wanane wanangoja desa. Jinsi alivyohama hosteli akaenda kupanga geto na wenzake wawili, kodi shilingi 60,000 kwa mwezi, kila mmoja 20,000. Jinsi wanavyopiga "pasi ndefu", yaani unakula saa tano asubuhi mlo mmoja unaohesabiwa kuwa chai na chakula cha mchana, halafu mpira unaupiga moja kwa moja mpaka usiku. Tukacheka mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Simu yake ilikuwa imezimwa. Siku ya kwanza imezimwa, siku ya pili imezimwa. Denti wa kizazi hiki, mwenye umri wa miaka 21, azime simu siku mbili bila kuumwa? We!

Juu ya kichanja

Machi kule ni mwezi wa shamba. Mvua yao ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na uwele ukianza kutoa masuke wanaingia maadui wakubwa, kwelea kwelea. Ndege wadogo, lakini kundi likitua shambani unaweza kulia. Kwa hiyo lazima mtu akae kichanjani kuamia, na zamu ya siku ya tatu ilikuwa ya wifi. Nikamwambia nakwenda naye.

Kichanja cha kuamia ndege kina raha yake. Mko wawili tu, mbele yenu shamba, hakuna anayewasikiliza. Na macho yenu yako kwa ndege, hayakutani. Mtu anasema mambo ambayo mezani asingeyasema.

Sikumuuliza "masomo vipi". Nilimwambia, "Wifi, bumu likiingia, la kwanza kabisa unafanya nini?"

Akanyamaza. Akapiga debe, ndege wakaruka. Halafu akasema, "Natuma nyumbani."

Hapo nikakaa vizuri.

Kwa wale wasiojua, bumu ni fedha ya chakula na malazi anayopata mwanafunzi mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Huingia kwa awamu, kwa makadirio ya siku 60, kwa hiyo mkononi ni kama shilingi 600,000. Ukiisikia hivyo unaona mtoto ni tajiri. Laki sita! Kuna wafanyakazi hawazioni kwa mkupuo. Sasa sikiliza hesabu yenyewe, alinitajia palepale nami nikaiandika kwenye simu.

Nyumbani kwa mama, 100,000. Sehemu ya ada ambayo mkopo wake haujaifikia, 100,000. Geto la miezi miwili, 40,000. Kutoa kopi na kuprinti, 30,000. Vifurushi vya intaneti, 40,000. Nauli za daladala na bodaboda, 50,000. Chakula, shilingi 4,000 kwa siku kwa siku 60, ni 240,000.

Jumlisha. Ni 600,000 kamili, na bado hajaugua, hajasuka, hajanunua sabuni wala pedi. Ndiyo maana kuna pasi ndefu. Kumbe ule utani tuliouchekea ulikuwa bajeti!

Januari ikaingia

Ikafika Januari. Mdogo wao wa mwisho amechaguliwa kidato cha kwanza. Ni kweli sekondari ya serikali haina ada, sera hiyo ilianza mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Lakini ada siyo sare. Ada siyo viatu, wala madaftari, wala begi. Mama hakuwa na kitu, mavuno ya nyuma yalikuwa haba. Akampigia mwanawe wa chuo. Wifi akatuma laki mbili badala ya moja.

"Na kaka yako?" nikamuuliza.

"Kaka nilimsikia, wifi."

"Ulimsikia nini?"

"Novemba mlinipigia, mkadhani simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nikamsikia anasema, ana bumu huyu, tupunguze, na sisi tuna mtoto. Na wewe ukasema basi mpunguze pande zote, na kwetu pia. Mkaanza kubishana. Nikakata mwenyewe. Nikasema sitakuwa mimi wa kuwagombanisha."

Mpenzi msomaji, hapo ndege walikula uwele kidogo.

Basi akaendelea. Mwisho wa Januari akachacha kabisa. Rafiki akamwonyesha programu ya kwenye simu inayokopesha bila dhamana. Aliomba 100,000, zikaingia 70,000, nyingine wakasema ni gharama. Siku saba baadaye wakataka 100,000 yao kamili. Hana. Riba ikaanza kupanda kila siku. Akaenda programu ya pili akope alipe ya kwanza. Mpaka anakuja likizo, anadaiwa 240,000 kwa fedha ambayo haikufika hata nusu yake mkononi.

Halafu wakaanza kupiga simu. Hawakumpigia yeye tu. Wakati wa kujisajili aliruhusu programu isome majina yote kwenye simu yake, kwa hiyo wakawapigia wanadarasa wenzake, mwenye nyumba, mpaka mwalimu mmoja. "Mwambieni tapeli huyu alipe." Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu alipigiwa mpaka saa nane. Matokeo yametoka, masomo yote kapasi, takwimu ana sapu. Mwezi wa tisa, wenzake wakiwa wamepumzika, yeye atarudi kuifanya.

"Ndiyo maana umezima simu," nikasema.

"Ndiyo. Na nilikuwa naandika barua ya kuahirisha mwaka."

Hilo ndilo lililonishtua kuliko deni. Mtoto wa Kintinku amesoma mpaka kafika chuo kikuu, halafu aache kwa sababu ya laki mbili na arobaini! Na sisi kila mwezi tunapiga simu na kuambiwa "poa".

Mazungumzo ya usiku

Nilimwomba ruhusa nimwambie kaka yake. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Usiku, baada ya ugali wa uwele na mlenda, nikamvuta mume wangu nje ya ua.

Wanaume wanajuana, la kwanza ni hasira. "Alikopa ya nini? Bumu anapeleka wapi?" Nikamfungulia ile hesabu kwenye simu. Sikuongeza neno. Akaisoma. Alipofika pale kwenye "nyumbani kwa mama, 100,000" akarudia tena kusoma. Akakaa kimya muda mrefu. Kwa sababu mama yake amekuwa akimwambia kwamba anaendelea vizuri, hana shida. Naye akaamini hana shida. Kumbe aliyekuwa akiibeba shida hiyo ni binti wa miaka 21 anayepiga pasi ndefu.

Nimtetee mume wangu kidogo. Siyo kwamba hana roho. Sisi wote wawili tulisoma kwa mkopo, na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka 8 ya zamani. Inakatwa kabla mshahara haujakugusa. Watu wawili, makato mawili, kodi ya nyumba Dar, mtoto wa chekechea. Bumu letu tulilikula zamani, leo tunalilipa, na hapohapo tunasaidia bumu la mwingine lisiishe. Vijana wengi wenye kazi ndivyo tulivyo. Aliposema "tupunguze" alikuwa anapiga hesabu ya nyumba yake, tena kwa haki kabisa. Ila alikuwa na hesabu ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili ilikuwa kichanjani.

Asubuhi walikaa kaka na dada. Mimi sikuwepo, na sikutaka kuwepo. Nilichosikia ni mama mkwe akilia kidogo kisha akacheka. Barua ya kuahirisha mwaka iliishia kwenye moto wa kuchemshia chai.

Tulichokubaliana

Sasa tufike kwenye faida yako wewe. Haya ndiyo tuliyoyapanga, chukua linalokufaa.

Kwanza, fedha ya mama na fedha ya mwanafunzi zisipite mfuko mmoja. Sisi sasa tunamtumia mama mkwe shilingi 50,000 kila mwezi moja kwa moja kwenye simu yake. Ni ile ile laki moja kwa miezi miwili aliyokuwa akiitoa wifi. Bumu limebaki kuwa la masomo na tumbo. Akitaka kumpelekea mama zawadi, ni ya mapenzi, siyo ya lazima.

Pili, mikopo ya kwenye simu. Mwambie mdogo wako waziwazi kwamba siyo kila programu inayotoa mkopo ina kibali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kugusa, aangalie kama mkopeshaji ana leseni ya BoT. Na ile tabia ya kuwapigia watu wote walio kwenye simu yako siyo ya kuvumilia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ya kupokea malalamiko ipo. Kwa deni la wifi, mume wangu alizungumza nao, akarudisha kile alichokipokea binti mkononi, akatunza ushahidi wa miamala na wa zile simu, na malalamiko tukayapeleka panapohusika. Muhimu zaidi, usikope kwa huyu umlipe yule. Hapo ndipo shimo linapokuwa kisima.

Tatu, kwenu nyie wawili. Fungu la ndugu liwe moja, na lijulikane. Mimi nina mdogo wangu wa kiume Tanga, chuo cha ufundi. Tumekubaliana kiasi kimoja kwa mwezi kwa pande zote mbili, kinatoka siku ya mshahara kabla ya luku na vocha. Likiisha limeisha, na anayeomba zaidi tunajadili wote wawili. Tangu hapo hakuna "ndugu zako" wala "ndugu zangu" ndani ya nyumba yetu. Na tukibishana, siku hizi tunahakikisha kwanza simu imekatika!

Nne, na ndilo kubwa, maswali. Acha "masomo vipi". Jaribu haya:

Bumu likiingia, la kwanza unafanya nini?
Jana ulikula mara ngapi, na ulikula nini?
Unaishi na nani, na mnaelewana?
Somo gani linakusumbua, na nani anakusaidia?
Kuna mtu anakudai? Kuna mtu anakusumbua?
Nyumbani wanakuomba nini?

Usimuulize yote kwa siku moja kama polisi. Moja kwa wiki linatosha. Na uliza ukiwa na muda, siyo ukiwa kwenye foleni ya Ubungo huku unapiga honi. Akikwambia jambo zito, usianze na "kwa nini". Ukianza na "kwa nini" leo, mwezi ujao atakujibu "poa".

Kuna msomaji atasema, dada, mbona madenti wengine wanakula bumu na starehe? Ni kweli, wapo. Bumu likiingia utawaona viwanja vya mjini, simu mpya, baada ya wiki mbili wanaomba chumvi kwa jirani. Lakini huyo naye utamjuaje bila kuuliza? Maswali ni yaleyale. Majibu ndiyo yatakayokwambia nani wa kumwongezea na nani wa kumkalisha chini.

Wifi amerudi chuoni, semesta ya pili inaendelea. Juzi kanitumia ujumbe, "Wifi, leo nimekula mara tatu na sijakopa." Nikamjibu, "Na takwimu?" Akasema kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu anamfundisha kila Jumamosi kwenye kimbweta. Nikamuuliza kaka huyo yukoje. Akajibu, "Poa tu."

Hiyo "poa" nitaifuatilia mwezi ujao. Kwa leo, kamata simu, mpigie mdogo wako, na kaa chini kwanza. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.